Gari la Fundi Umeme: Pima Mzigo Kwanza

Mafundi umeme wengi wa Dar es Salaam huanza kazi kwa bodaboda. Siku ya kununua gari ikifika, maswali huwa ni haya.

Nichukue kirikuu au Probox?

Kabla ya kuuliza bei, kusanya vifaa vya kazi ya siku moja uvipime kwenye mizani: ngazi, drili, roli za waya, masanduku. Ongeza na uzito wa msaidizi wako. Kirikuu ya Suzuki Carry, yenye injini ya cc 660, imeundwa kubeba kilo 350. Kwa waya za nyumba inatosha. Probox inakufaa zaidi kama unalaza vifaa garini, kwa kuwa inafungwa na haivujiwi na mvua. Kebo nene za ardhini ni nzito mno. Siku ya kazi hiyo kodi gari kubwa.

Mabomba ya mita 3 nayabebaje?

Bodi ya kirikuu ina urefu wa takriban mita 2 tu. Mwambie fundi wa kuchomelea akutengenezee keria yenye mihimili mitatu. Ikiwa miwili tu, bomba la plastiki litapinda juani. Ngazi nayo iwe ya faiba, maana alumini inapitisha umeme.

Ndani nipangeje?

Vizito vikae chini, katikati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma. Testa, multimita, glovu na kufuli la kufungia meni swichi vikae mlangoni. Ukilazimika kuhamisha masanduku ili uipate testa, ipo siku utashika waya bila kupima.

Naweza kutumia drili ya umeme kwa betri ya gari?

Ndiyo, kwa inveta, ila piga hesabu. Wati 1,000 kwenye betri ya volti 12 ni zaidi ya ampea 80. Tundu la kiberiti cha gari haliwezi mzigo huo. Vuta waya mnene moja kwa moja kutoka kwenye betri, weka fyuzi karibu na betri yenyewe, na injini iwe inaunguruma.

Pesa ikibaki?

Usikimbilie rimu wala spika. Nunua matairi mazuri, rekebisha breki, weka mtungi wa unga wa kuzimia moto. Mteja anakulipa kwa kufika salama na kufanya kazi salama.