SOMO LA KUMI NA NNE: KUPANDISHA MASHUA NCHI KAVU

Mashua ya mbao ikikaa baharini siku nyingi, viumbe wadogo wa majini huzitoboa mbao zake. Kwa sababu hiyo wavuvi huipandisha nchi kavu ili waikwangue, waitie kalafati na kuipaka mafuta.

Lakini mashua ni nzito. Ikivutwa mchangani, mkuku wake husugua mchanga. Kani inayozuia vitu vinavyogusana visiteleze huitwa msuguano. Wavuvi wa pwani yetu huupunguza msuguano kwa kutandika magogo ya mviringo chini ya mkuku. Gogo likiachwa nyuma, huchukuliwa na kuwekwa mbele.

Jaribio

Vifaa: tofali, uzi, ukanda mwembamba wa mpira, rula, na vijiti sita vya mviringo vyenye unene sawa.

1. Funga uzi kuzunguka tofali, kisha funga mpira kwenye uzi.
2. Weka tofali juu ya meza. Vuta mpira polepole mpaka tofali lianze kwenda. Mwenzako apime urefu wa mpira wakati huo.
3. Weka tofali juu ya vijiti, uvute tena na kupima.

Ni mara ipi mpira ulirefuka zaidi? Kwa nini?

Trela la mashua

Siku hizi baadhi ya mashua hupandishwa kwa trela. Trela hili lina rola, nazo hufanya kazi ya magogo. Ili mashua ipande kwa urahisi, mambo haya hutengenezwa kwanza:

(a) Rola hupakwa grisi ili zizunguke vizuri.
(b) Trela hurudishwa nyuma mpaka rola ya mwisho ikaribie uso wa maji. Hapo maji yenyewe huibeba mashua mpaka omo yake iguse rola.
(c) Mawe makubwa huwekwa nyuma ya magurudumu, upande wa majini, ili trela lisiteremke.
(d) Mashua hunyoshwa ili mkuku upite katikati ya rola, kisha kamba huvutwa polepole kwa winchi.

Trela lililoinama ni mteremko. Tuseme mashua inapanda kimo cha mita 1 juu ya mteremko wenye urefu wa mita 4. Kama hakuna msuguano, kani inayohitajika ni robo tu ya uzito wa mashua. Hata hivyo, kamba huvutwa mita 4 badala ya mita 1. Tunapunguza kani, lakini tunaongeza mwendo.

Hadhari: Usisimame kamwe nyuma ya mashua inayovutwa. Kamba ikikatika, mashua hurudi kwa kasi na huweza kuua.

Maswali

1. Msuguano ni nini?
2. Kwa nini rola hupakwa grisi?
3. Mteremko ukiwa mrefu zaidi kwa kimo kilekile, kani itaongezeka au itapungua?
4. Taja kazi mbili za nyumbani ambazo msuguano hutusaidia.