Kabla Hujaikabidhi Simu Daftari Lako

Mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Burundi, kampasi ya Mutanga, anayepanga tasnifu yake kwenye programu ya maandishi ya Google Keep hukwama mapema. Sura ina sehemu, sehemu ina hoja, hoja ina ushahidi. Hizo ni ngazi nne, na orodha za Keep hubeba mbili tu. Programu hiyo inafaa kunasa wazo kabla halijapotea, lakini mpango wa tasnifu uandike kwenye programu ya kuandikia hati yenye vichwa vya ngazi mbalimbali.

Kasoro ya programu za aina hii inayoumiza zaidi, na isiyosemwa sana, ni utafutaji. Mfanyabiashara wa Buyenzi, Bujumbura, huandika "mdaiwa" leo na "wadaiwa" kesho. Jioni akitafuta neno la kwanza, maandishi yenye la pili hayatokei, kwa kuwa programu inalinganisha herufi tu. Haijui kwamba maneno yetu ya Kiswahili hubadilika mwanzoni. Kirundi nacho ni vivyo hivyo: umukiriya, abakiriya. Kibodi iliyowekwa Kifaransa huharibu zaidi kwa kusahihisha ambacho hakijakosewa. Zima usahihishaji huo, kisha juu ya kila andiko weka alama moja isiyobadilika, kwa mfano DENI, ukifuatisha mwaka na mwezi: DENI 2025-03. Hiyo ndiyo utakayoitafuta siku zote.

Kwa jinsi umeme na mtandao vinavyokatika Bujumbura, jaribu programu ukiwa umezima data. Notion haikuwa na njia rasmi ya kufanya kazi bila intaneti hadi 2025, na hata sasa mtumiaji wa bure lazima ateue mapema kurasa anazotaka zibaki kwenye kifaa.

Masharti nayo hubadilika ukiwa umeshazoea. Desemba 2023 programu ya Evernote iliwawekea watumiaji wa bure kikomo cha maandishi 50. Waliokuwa na zaidi waliendelea kuyasoma, ila kuongeza jipya hawakuweza bila kulipa au kufuta. Kwa anayeandika madeni kila siku, 50 hayamalizi hata miezi miwili.

Sisemi turudi kwenye karatasi peke yake. Soko kuu la Bujumbura liliungua tarehe 27 Januari 2013, na daftari lililolala kibandani siku ile halikuwa na nakala mahali pengine. Ninachosisitiza ni nakala ya pili, tena iwe maandishi matupu au PDF. Maandishi ya Keep hutolewa kupitia Google Takeout. Kwa programu nyingine, tafuta kwenye mipangilio palipoandikwa kuhamisha. Usipopaona, usiiwekee kitu unachokihitaji mwaka ujao.

Ukishapata nakala, ihifadhi kwenye kadi ya kumbukumbu au flashi, uifungue kwenye simu ya ndugu yako isiyo na programu hiyo. Angalia kama ngazi zimebaki na tarehe zinaonekana. Fanya hivyo kila mwisho wa mwezi.