Esansi ya mahindi: kodi ikisamehewa, nani anapokea?

Mwombe Kadhafi, muuza esansi wa pembeni mwa barabara, akuchanganyie lotoko, pombe kali ya kienyeji, kwenye chupa: atakucheka, na ana haki. Lotoko ina maji mengi, wakati alkoli ya injini hukaushwa hadi maji yaishe karibu yote. Lakini malighafi ni ile ile: mahindi na mihogo. Kwa hiyo siku mwanasiasa atakapoahidi Kisangani esansi ya mahindi isiyotozwa kodi, mkulima wa barabara ya Buta atatega sikio. Atege, ila kwanza ajue yaliyotokea Marekani.

Huko msamaha wa kodi kwa alkoli ya gari ulianza mwaka 1978. Kufikia 2011 ulikuwa senti 45 za dola kwa galoni, kama senti 12 kwa lita, na hazina ilipoteza karibu dola bilioni 6 kwa mwaka. Aliyepokea hakuwa mkulima. Sheria ilimpa mchanganyaji wa alkoli na petroli, mara nyingi kampuni ya mafuta. Mkulima alinufaika mahindi yalipopanda bei, na bei hiyo hiyo ikamuumiza mfugaji.

Tarehe 16 Juni 2011 Seneti ya Marekani ilipiga kura 73 kwa 27 kuufuta msamaha huo. Kura hiyo haikuzaa sheria, lakini msamaha ulikuwa na siku yake ya mwisho, 31 Desemba, na hakuna aliyeurefusha. Je, viwanda vya alkoli vilikufa? La. Sheria nyingine, ya 2005 iliyopanuliwa 2007, ilikuwa tayari inawalazimisha wasafishaji na waagizaji wa mafuta kuchanganya kiasi fulani cha alkoli kila mwaka. Serikali ilikuwa inawalipa watu wafanye walicholazimishwa kufanya!

Kwetu Kongo, ibara ya 174 ya Katiba ya 2006 inasema msamaha wa kodi hutolewa kwa nguvu ya sheria tu. Tangazo la redioni halitoshi; omba maandishi. Tafuta humo jina la mpokeaji na tarehe ya kuisha. Kisha angalia kama alkoli ya gari imetenganishwa na ya kunywa, kwa kuitia dawa inayoifanya isinyweke. Bila hivyo, pipa lililosamehewa kodi na DGDA, idara ya forodha na ushuru, kwa ajili ya magari litaishia kwenye vilabu vya pombe.

Malawi inachanganya alkoli na petroli tangu 1982, na kiwanda cha Dwangwa kiko jirani na mashamba ya miwa. Sisi tungesafirisha mihogo kwa barabara tunazozijua.

Na hesabu ya mwenye pikipiki? Alkoli ikiwa sehemu 1 kati ya 10, msamaha wa Kimarekani ungempunguzia, kama mchanganyaji angekubali kumwachia wote, senti moja na kidogo kwa lita. Boti ikichelewa kutoka Kinshasa, Kadhafi hupandisha zaidi ya hapo kabla ya saa sita mchana.