Saa na Hati: Haki ya Raia Mbele ya Tuhuma ya Ugaidi

Hakuna mtu mwenye akili timamu, aikumbukaye asubuhi ya tarehe 7 Agosti 1998, mabomu yalipolipuka karibu wakati mmoja katika balozi za Marekani za Dar es Salaam na Nairobi, yakaua watu 11 kwetu na zaidi ya 200 kwa majirani zetu, au akikumbukaye kilio cha waumini wa Olasiti, Arusha, walioshambuliwa kwa bomu kanisani tarehe 5 Mei 2013, atakayeitaka dola ikae mikono kifuani. Sisi wakazi wa Moshi na miteremko ya Kilimanjaro tunaujua mpaka kwa nyayo zetu: liko lango la Holili linalotazamana na Taveta, iko Tarakea inayoelekeana na Loitokitok, na baina yake zimo njia za panya ambazo watu wa Rombo na jamaa zao wa upande wa Kenya huzipita kwenda gulioni, arusini na mazikoni. Njia impitishayo shangazi na mkungu wake wa ndizi yaweza pia kumpitisha mwovu. Kwa hiyo askari ana wajibu wa kuuliza, na raia mwema ana wajibu wa kujibu.

Lakini tuhuma si hatia. Bunge lilipotunga Sheria ya Kuzuia Ugaidi mwaka 2002, liliwapa askari mamlaka makubwa, yakiwemo ya kupekua bila hati pale ambapo kuisubiri kungeharibu ushahidi. Hata hivyo halikuifuta Katiba. Ibara ya 13 ingali inakataza kumtendea mshtakiwa kama mkosaji kabla hatia haijathibitika, na inaharamisha mateso. Ibara ya 15 inalinda uhuru wa mtu, ya 16 faragha yake, na ya 17 mwendo wake. Ni kweli kwamba Ibara ya 30 inaruhusu haki hizi zipunguzwe kwa maslahi ya umma, lakini Mahakama ya Rufani, katika shauri la Kukutia Ole Pumbun la mwaka 1993, ilieleza kwamba sheria ipunguzayo haki lazima iwe na kinga dhidi ya matumizi ya kidhalimu, na isikate zaidi ya kile kinacholazimu. Hiyo ndiyo mizani ya insafu.

Mambo haya hayako mbali nasi. Mwezi Agosti 2020, papa hapa Moshi, Rau Madukani, walikamatwa watu wawili waliopata kuwa makomandoo wa jeshi, ambao baadaye walishtakiwa kwa makosa ya ugaidi pamoja na mwenzao mmoja na Freeman Mbowe, mwenyekiti wa Chadema wakati huo na aliyepata kuwa mbunge wa Hai. Mawakili wa utetezi waliyapinga maelezo ya onyo ambayo mmoja wa washtakiwa aliyatoa polisi, wakidai kwamba yalichukuliwa nje ya muda wa sheria na kwa mateso, ikabidi isikilizwe kesi ndogo ndani ya kesi kubwa. Tarehe 20 Oktoba 2021 Mahakama Kuu ililitupa pingamizi hilo. Na tarehe 4 Machi 2022 Mkurugenzi wa Mashtaka aliiondoa kesi, washtakiwa wote wanne wakaachwa huru. Funzo lake kwa raia ni hili: mashtaka mazito kama hayo yalisimama kwa siku kadhaa yakingoja jibu la maswali mepesi, mtu alikamatwa saa ngapi, akahojiwa saa ngapi, na safari ya kutoka Moshi hadi Dar es Salaam ilichukua muda gani.

Kwa hiyo, ukikamatwa, kwanza itazame saa. Una haki ya kuambiwa sababu ya kukamatwa kwako, na ya kuwasiliana na wakili, ndugu au rafiki. Muda wa msingi wa kuhojiwa ni saa nne tangu uzuiliwe, nao unaweza kuongezwa kwa utaratibu wa sheria, ila muda wa kusafirishwa hauhesabiwi humo. Aliyekamatwa bila hati hutakiwa kufikishwa mahakamani ndani ya saa 24, na kosa likiwa zito akabaki mahabusu, basi mapema iwezekanavyo. Fahamu pia, usije ukadanganywa na matapeli, kwamba kosa la ugaidi halina dhamana. Mahakama ya Rufani iliithibitisha sheria hiyo mwaka 2020.

Pili, itazame karatasi. Akija askari kupekua nyumba, omba kwa adabu kuiona hati ya upekuzi, na kama hana, muulize dharura iliyopo. Kitu chochote kikichukuliwa, dai orodha iliyotiwa saini. Mwanamke hupekuliwa na mwanamke mwenzake, kwa staha. Usitie saini maelezo usiyosomewa ukayaelewa, kwani maungamo yaliyopatikana kwa vitisho au ahadi hayana nguvu, na ni upande wa mashtaka unaopaswa kuthibitisha kwamba yalitolewa kwa hiari.

Tatu, usipigane na askari wala usikimbie, hata kama umedhulumiwa. Dhuluma hupingwa kwa malalamiko kwa mkuu wa kituo, kwa Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora, au kwa shauri Mahakama Kuu, ambayo ina masjala hapa Moshi. Asiye na fedha ya wakili asikate tamaa, maana Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 ilitungwa kwa ajili yake.

Nawe uliyebaki nyumbani ndugu yako akichukuliwa, chukua kalamu kabla ya kuanza kulia: andika saa, mahali, namba ya gari na jina la kituo ulichoambiwa, kisha nenda ukamwulizie siku ile ile.