Usitie Sahihi Kwenye Listi Tupu

Msomaji mmoja wa Lukafu, anayesomea ualimu hapa Lubumbashi, ameniandikia. Chefu wa promosheni alipita darasani na karatasi, akasema bursi ya walimu wa kesho imetoka Kinshasa. Kila mmoja atume dola 15 za kufungua dosie kwa namba fulani ya simu, kisha atie sahihi. Wakatuma, wakatia. Mwaka umekwisha, pesa haijaonekana, na akiuliza anaambiwa afunge mdomo kama anataka pointi za staji.

Dada yangu, bursi ni pesa inayotoka serikalini kwenda kwa mwanafunzi. Haianzi kwa mwanafunzi kutoa yake. Ada halali hulipwa benki, nawe unarudi na bordero; simu ya mtu binafsi si kaunta ya serikali. Anayechukua pesa yako kwa hila, au kwa kujifanya mjumbe wa ofisi asiyotumwa nayo, anaingia kwenye kifungu cha 98 cha Kodi Penali, Kitabu cha Pili: kifungo cha miezi 3 hadi miaka 5. Akiwa mtumishi wa umma anayedai kile anachojua hakidaiwi, kifungu cha 146 kinamhusu.

Lakini zile dola 15 ndizo hasara ndogo. Mtego wenyewe ni karatasi mliyotia sahihi. Nimeziona karatasi hizi. Zina mistari ya namba, jina, postnomu, promosheni, kiasi, sahihi. Mstari wa kiasi huwa mtupu. Mwanafunzi ana haraka, wenzake wamepanga foleni nyuma yake, anatia sahihi anaondoka. Jioni mtu anaujaza mstari ule kwa kalamu nyingine. Tangu hapo, mbele ya mkaguzi yeyote, wewe umekwisha kulipwa. Mwizi hahitaji tena kukuogopa, kwa sababu umemwandikia risiti kwa mkono wako. Kujaza kiasi ambacho hakikutolewa ni kughushi maandishi, kifungu cha 124, miezi 6 hadi miaka 5, na anayefanya hivyo asijifiche nyuma ya cheo chake.

Basi ukiletewa listi, andika mwenyewe kiasi ulichopokea mkononi, kwa tarakimu na kwa maneno, weka tarehe, ndipo utie sahihi. Piga picha kwa simu. Wakikukataza, usitie sahihi. Kama ulishatia, andika barua fupi inayosema kwamba hadi siku hiyo hujapokea kitu, ipeleke kwa katibu mkuu wa taaluma katika nakala mbili, na yako irudi na mhuri wa kupokelewa. Ujumbe wa M-Pesa au Airtel Money usiufute: una namba ya muamala na jina la aliyepokea. Na huo ushahidi unatosha kuanzia parke, bila avoka. Afisa akikuomba pesa ya karatasi ili aandike malalamiko yako, kataa, na uandike jina lake pia.

Kuhusu vitisho vya pointi, msiende mmoja mmoja. Kifungu cha 27 cha Katiba ya 2006 kinampa kila Mkongomani haki ya kupeleka ombi la maandishi kwa mamlaka, peke yake au pamoja na wenzake, na mamlaka inapaswa kujibu ndani ya miezi 3. Kifungu hichohicho kinakataza mtu kushtakiwa kwa sababu ya ombi hilo. Ulizeni mambo manne tu: bursi ipo? Kwa uamuzi gani? Nani wamo? Kiasi gani kwa kila mtu?

Na sheria yenyewe nina neno nayo. Kifungu cha 43 cha Katiba kinasema shule ya msingi ya umma ni ya bure, na tangu Septemba 2019 serikali imeanza kulitimiza hilo. Vyema. Madarasa yakafurika watoto. Lakini anayejiandaa kuwa mwalimu analipa mwenyewe masomo yake pale ISP, chuo cha ualimu, na akimaliza anaweza kukaa miaka akiitwa nouvelle unité, anafundisha bila mshahara wa serikali. Wazee waliosoma wakati wa UNAZA, 1971 hadi 1981, wanakumbuka bursi ya serikali. Tanzania ina sheria ya bodi ya mikopo ya wanafunzi tangu 2004. Zambia, ukivuka tu Kasumbalesa, tangu 2016. Mkopo ni mzigo, sikatai, lakini mwanafunzi wa huko anajua mlango wa kugonga. Wa kwetu anamjua chefu wa promosheni, na hapo ndipo wezi wanapopata nguvu.

Pesa haikosekani katika mkoa huu wa shaba. Sheria ya Madini iliyorekebishwa 2018 inapeleka asilimia 15 ya mrabaha kwa komyuni, sekta na chefferie zenye migodi, na inaidai kampuni asilimia 0.3 ya mauzo yake kwa maendeleo ya wenyeji. Wazazi mnaoishi karibu na mgodi, ulizeni ni wanafunzi wangapi wa ualimu wanaosomeshwa kwa pesa hiyo, na majina yabandikwe ukutani kila mtu ayasome.

Nanyi wanafunzi, andikeni ombi la kifungu cha 27 wiki hii, mtie sahihi wote, mpate mhuri. Miezi 3 ihesabiwe kuanzia siku hiyo.