Tangi Likisema Limejaa, Nani Amesema?

Chukulia tangi la maji lililoinuliwa karibu na mifereji ya Dagahaley. Chini ya kifuniko chake kumefungwa kitambuzi, kifaa kidogo kinachopima kina cha maji na kutuma habari kwa redio. Mhudumu wa pampu anasoma kwenye simu yake: tangi limejaa. Haiwashi pampu. Baada ya saa mbili mifereji imekauka na foleni ya mitungi imefika barabarani. Kitambuzi hakikuharibika. Kuna mtu aliyenasa ujumbe wa jana, akaurusha tena leo.

Vifaa vya aina hii si vigeni kwetu. Mradi wa Kenya RAPID, uliohusisha Garissa, Isiolo, Marsabit, Turkana na Wajir, ulifunga vitambuzi kwenye pampu za visima ili hitilafu zijulikane mapema. Hivyo vilituma habari kwa mtandao wa simu au setilaiti. Njia nyingine ni redio inayotumia umeme kidogo, kama LoRaWAN, ambayo shirika la UNHCR limeitumia kufuatilia matangi katika makazi ya wakimbizi ya Bidibidi, Uganda. Betri yaweza kudumu miaka, na ujumbe husafiri kilomita kadhaa bila laini ya simu.

Lakini redio haina ua. Mwenye kipokezi cha bei nafuu husikia kila kinachopita. Kwa hiyo kitambuzi hufunga ujumbe kwa ufunguo wa siri wa biti 128, kwa mbinu iitwayo AES, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2001. Wengi hudhani hesabu hizo ndizo zitakazomaliza betri. Sivyo, kinachokula betri zaidi ni kurusha mawimbi, na kila baiti ya ziada hurefusha muda wa kurusha. Ndiyo maana muhuri wa uthibitisho wa LoRaWAN ni baiti 4 tu. Mtu akigeuza tarakimu moja bila ufunguo, muhuri haulingani na ujumbe hutupwa.

Ujumbe wa jana, hata hivyo, una muhuri halali. Kinga yake ni namba ya mfuatano: kila ujumbe hubeba namba kubwa kuliko uliotangulia, kama kitabu cha risiti. Namba iliyokwisha kupita hukataliwa.

Hapa ndipo mafundi huteleza. Betri ikibadilishwa, baadhi ya vifaa vyenye funguo zisizobadilika huanza tena kuhesabu kutoka sifuri, na kituo hukataa hata ujumbe wao wa kweli. Fundi mwenye haraka huzima ukaguzi wa namba ili kazi iendelee. Habari zinaanza kuingia tena kwenye simu, kila mtu anafurahi, na ujumbe wa zamani nao sasa una ruhusa ya kuingia. Dawa ni kifaa kijiunge upya na mtandao na kupata funguo mpya.

Kamati za maji zinazopokea vifaa hivi zimuulize fundi kama kila kimoja kina ufunguo wake, maana ufunguo mmoja wa vyote ukiibwa, vyote vimeibwa. Zihakikishe pia kwamba ukaguzi wa namba umewashwa, hasa siku ya kubadilisha betri. Karatasi yenye funguo ifungiwe kabatini, isipigwe picha na kutumwa kwenye kundi la WhatsApp. Na fimbo ya kupimia maji isitupwe: simu ikisema tangi limejaa ilhali mifereji inatoa hewa, mhudumu apande ngazi.