Rufaa Dhidi ya Jumba la Ghorofa: Hesabu Siku 14

Jumba la ghorofa linapoidhinishwa mtaani, majirani wengi hukimbilia mahakamani moja kwa moja. Nchini Kenya, mahakama kwa kawaida hukataa kesi iliyoruka ngazi zilizowekwa na sheria. Mlalamishi anaporudi kuanza upya, muda wa rufaa huwa umekwisha na kuta zimepanda.

Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2019 imeweka ngazi hizi:

1. Pingamizi. Mradi unapotangazwa, mkazi aiandikie idara ya mipango ya kaunti kabla ya ruhusa kutolewa.

2. Kamati. Asiyeridhika na uamuzi wa Waziri wa Kaunti, awe mwombaji au jirani, hukata rufaa kwa Kamati ya Uhusiano ya Mipango ya kaunti ndani ya siku 14. Kamati nayo hupewa siku 14 kuamua.

3. Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Hapa ndipo uamuzi wa kamati hupingwa.

Leseni ya mazingira itolewayo na NEMA ina njia yake: hupingwa mbele ya Jopo la Kitaifa la Mizozo ya Mazingira, ndani ya siku 60.

Hoja iwe na ushahidi. Kusema jumba halipendezi hakutoshi. Onyesha kwamba ghorofa zinazidi kiwango cha eneo, au kwamba bomba la majitaka halitahimili.

Kumbuka: siku 14 huhesabiwa tangu uamuzi ulipotolewa, si tangu tingatinga lilipoingia kiwanjani.